Mashini Mpya Inaomba Madereva Wake
Maneno ya fundi mbele ya wanachama, siku ya kuonyesha kompyuta mpya ya ofisi



Hii mashini hatukuinunua nzima. Tulinunua vipande, tukaviunga hapa hapa. Sasa inawaka, lakini kuwaka si kufanya kazi. Kamyo inaweza kuwa na matairi mapya na mazuti ya kutosha; bila dereva itabaki pale pale. Ndani ya kompyuta ni vile vile: kila kipande kinaomba programu ndogo ya kukiongoza. Waliosoma Kifaransa wanaiita piloti. Sisi tuseme dereva.

Windows yenyewe inakuja na madereva wengi. Ukishapata intaneti, fungua Windows Update, iache itafute. Shida ni pale ambapo kipande kinachokosa dereva ni kile cha mtandao. Basi chukua dereva wake kwa mashini nyingine, umlete na flashi. Mega ziko bei: pakua mara moja, flashi ile ibaki kwenye kabati.

Waliobaki, ingiza kwa mpango: kwanza chipseti ya kadi mama, kisha mtandao, picha, sauti, mwisho printa. Wakikuomba uzime na kuwasha, fanya hivyo kabla ya kuendelea.

Kuchagua je? Soma jina lililoandikwa juu ya kadi mama, uende kwa tovuti ya kiwanda chake, uchukue dereva wa jina lile lile na wa Windows uliyo nayo. Kama jina halionekani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua orodha ya vifaa. Kisicho na dereva kiko na alama ya manjano. Ingia kwa maelezo yake, utafute namba ya kifaa. Ukiona VEN_10EC, ni Realtek. 8086 ni Intel. 1002 ni AMD. 10DE ni NVIDIA. Namba inayofuata DEV inataja kipande chenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuko programu zinazojisifu kwamba zitatafuta madereva wote kwa kubonyeza mara moja. Tusiziingize hapa. Dereva anaingia ndani kabisa ya mashini, kuliko programu za kawaida. Akiwa wa uongo, anaweza kuona yote. Na humu tutaandika nini? Majina ya waliorudi, namba zao za simu, vijiji walivyotoka, mashamba ambayo kesi zake hazijaisha. Sisi tuliokimbia tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini ikifika mikononi mwa mtu mubaya.

Kwa hiyo tufuate haya. Dereva atoke kwa Windows ao kwa kiwanda, hapana pengine. Kabla ya kumwingiza, tengeneza alama ya kurudia nyuma, ili akiharibu mashini irudi ilivyokuwa. Orodha ya wanachama iwe na kopi yake kwa diski nyingine, nje ya mashini. Na dereva anayefanya kazi vizuri, usimbadilishe juu ya upya tu.

Wafadhili wetu, muandike na hili: viwanda vinatoa madereva hawa bure. Mtu akituletea fakture ya dereva, tumrudishe nayo kwao.