Alama za Wanawake, Fedha za Washington



Naomba nianze na jengo moja na siku saba.

Tarehe 21 Februari 2025 magavana wa majimbo ya Marekani walikuwa wamekusanyika Ikulu ya Washington. Rais Donald Trump alikuwa akizungumzia agizo alilolitia saini tarehe 5 mwezi huohuo, linalowazuia wanawake waliobadili jinsia kushindana katika michezo ya wanawake. Katikati ya hotuba akauliza: gavana wa Maine yupo? Janet Mills akaitikia kwamba yupo. Utalitii agizo hili? Akajibu kwamba atatii sheria za jimbo lake na sheria za shirikisho. Rais akamwambia kuwa sheria ya shirikisho ni wao, na kwamba asipotii hatapata fedha yoyote kutoka serikali kuu. Mama yule akamjibu kwa ufupi kwamba watakutana mahakamani.

Zikapita siku saba. Tarehe 28 Februari, katika jengo hilohilo, Volodymyr Zelensky, rais wa nchi iliyokuwa mwaka wa nne vitani, aliketi kando ya Trump mbele ya kamera. Alikuja kutia saini mkataba wa madini. Aliambiwa na mwenyeji wake na Makamu wa Rais JD Vance kwamba hana shukrani na hana nguvu ya kupatana. Aliondoka mkataba haujasainiwa. Tarehe 3 Machi msaada wa kijeshi kwa Ukraine ukasitishwa, na baadaye wiki hiyo taarifa za kijasusi nazo zikasimamishwa. Vikarudishwa tarehe 11 baada ya mazungumzo ya Jeddah. Mkataba wa madini ulitiwa saini tarehe 30 Aprili.

Kati ya hayo, usiku wa tarehe 4 Machi, Trump alihutubia Bunge. Katika hotuba hiyohiyo alimsimamisha binti mmoja, mchezaji wa zamani wa voliboli aliyeumizwa na mpira uliopigwa na mchezaji aliyebadili jinsia, kisha baadaye akasoma maneno ya barua aliyoletewa na Zelensky.

Magazeti yaliziandika habari hizi katika kurasa mbili tofauti: hii ya jamii, ile ya kimataifa. Nimekuja hapa jioni hii kuwaambia kwamba ni habari moja, na kwamba si ya jana. Kwa zaidi ya miaka sitini Marekani imekuwa ikimwita mwanamke mwanamichezo mezani pale dola inapokuwa na haja yake. Haja ikishatimizwa, bili huletewa yeye. Na sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuilipa bili hiyo.

Tuanze na fedha, maana ndiyo kamba inayofunga mambo haya mawili.

Sheria inayoitwa Title IX ilitiwa saini na Rais Nixon tarehe 23 Juni 1972. Kiini chake ni sentensi moja yenye maneno 37 ya Kiingereza, na neno michezo halimo. Inasema tu kwamba hakuna mtu atakayebaguliwa kwa sababu ya jinsi yake katika programu ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Mmoja wa mama zake ni Patsy Mink, mbunge kutoka Hawaii, ambaye katika ujana wake alitaka kuwa daktari na vyuo vya udaktari vikamkataa kimoja baada ya kingine. Sheria ile haikutishia kumfunga mtu jela. Ilisema: ukibagua, mfuko unafungwa. Na kwa sababu karibu kila shule na chuo Marekani kina mkono ndani ya mfuko huo, matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka wa masomo 1971–72, wasichana wa shule za sekondari waliocheza katika timu za shule hawakufika 300,000. Leo wamepita milioni 3.

Naipenda sheria hiyo, na naitaja kwa heshima. Lakini tuitazame ilivyofumwa. Mkono unaofungua mfuko ndio unaoufunga, na anayeshika mdomo wa mfuko hubadilika kila uchaguzi. Maine ililiona hilo upesi. Mapema Aprili 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilizuia fedha kwa jimbo hilo, na zilizoguswa zikawa fedha za kuendeshea mipango ya chakula cha watoto. Hebu tulifikirie jambo hilo kwa utulivu: ubishi ulikuwa juu ya nani aingie uwanjani, na kilichoshikwa ni sahani ya mtoto wa shule ambaye pengine hajawahi hata kuvaa raba za mbio. Jimbo likaenda mahakamani, jaji akaamuru fedha zirudishwe, na mwanzoni mwa Mei pande mbili zikaelewana. Ugomvi wenyewe wa michezo haukuishia hapo. Wizara ya Sheria ilikuwa tayari imeishtaki Maine.

Ukiweka Maine kando ya Kyiv utaona mkono ni uleule: aibisha hadharani, zuia fedha, subiri arudi. Mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hahitaji kuelezwa ladha yake. Januari 2025, misaada ya nje ya Marekani iliposimamishwa kwa siku 90, tuliona kliniki zetu za dawa za virusi vya UKIMWI zikihesabu vidonge.

Sasa turudi nyuma, maana nilisema si jambo la jana.

Julai 1958, katika Uwanja wa Lenin mjini Moscow, timu za riadha za Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilikutana kwa mara ya kwanza ana kwa ana. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na mashindano yale yalitokana na diplomasia ya kubadilishana wasanii, wataalamu na wanamichezo. Wanaume wa Marekani walishinda kwa alama 126 dhidi ya 109. Wanawake wa Kisovyeti walishinda kwa 63 dhidi ya 44. Nani kashinda? Wasovyeti walijumlisha: 172 kwa 170, ushindi wetu. Wamarekani wakasema hayo ni mashindano mawili, na ya wanaume tumeshinda sisi.

Nimekaa na hesabu hiyo miaka mingi, na kila nikiisoma inanigusa. Zile alama 44 zilikimbiwa na kurukwa na mabinti ambao wengi wao nchini kwao walinyimwa ufadhili wa masomo, na hata uwanja wa mazoezi waliupata kwa taabu. Baadhi yao walikuwa mabinti Weusi kutoka chuo cha Tennessee State, wakitumikia bendera ya nchi ambayo hawakuweza kuketi popote watakapo ndani ya basi lake. Jioni ile ya Moscow alama zao zikawa suala la dola: zikihesabiwa, Marekani imeshindwa, zisipohesabiwa, imeshinda. Ndipo viongozi wa Marekani walipoanza kuona kwamba kumsahau mwanamke uwanjani kuna gharama nje ya mipaka yao.

Kulikuwa na njia mbili za kuirekebisha hesabu ile. Ya kwanza ni kuwalea mabinti wako wakimbie zaidi. Ya pili ni kuuliza kama wale wa upande wa pili ni wanawake kweli. Zote mbili zilitumika. Minong'ono dhidi ya wanamichezo wa Ulaya Mashariki ikakua hata ikazaa sheria. Mwaka 1966, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanariadha wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari. Mwaka uliofuata, mjini Kiev, Ewa Kłobukowska wa Poland, aliyepata dhahabu ya kupokezana vijiti Tokyo 1964 na ambaye kipimo cha macho cha Budapest alikipita, aliangushwa na kipimo cha kromosomu. Hakudanganya mtu. Hakujua chochote zaidi kuhusu kromosomu zake kuliko sisi tulioko ukumbini tunavyojua zetu. Rekodi zake zilifutwa. Kipimo hicho kiliingia rasmi katika Olimpiki ya 1968 na kikadumu hadi kilipoachwa mwaka 1999. Hivi sasa kipimo cha jeni kimerudi: tangu tarehe 1 Septemba 2025, Shirikisho la Riadha la Dunia linamtaka kila anayetaka kushindana na wanawake katika mashindano ya ubingwa wa dunia apimwe mara moja.

Wazee mnaokumbuka 1980 mtaniwia radhi nikipita upande wa kwetu.

Majeshi ya Kisovyeti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979. Rais Carter akaamua Olimpiki ya Moscow isusiwe, na Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kutuomba tususe. Kituo chake cha kwanza kilikuwa hapa Tanzania. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari walimuuliza Ali swali ambalo Washington haikumwandalia jibu: miaka minne nyuma Afrika ilipoisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali, kwa uungwana wake, alikiri kwamba hakuna aliyemweleza habari hiyo. Kutoka hapa alikwenda Kenya, na Rais Moi akakubali kususa.

Nilikuwa shule ya msingi. Baba alikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwa redio hiyo tulisikia kwamba Filbert Bayi ameongoza mita 3000 za kuruka viunzi na maji kwa kasi ya mtu anayekimbia moto, hadi Mpolandi Malinowski alipompita mzunguko wa mwisho, ni fedha. Kisha Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baba alisimama peke yake sebuleni akapiga makofi.

Upande wa pili wa mpaka alikuwapo Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 ndani ya siku 81. Montreal hakukimbia, Moscow hakukimbia. Amefariki 2024 bila kukanyaga uwanja wa Olimpiki hata siku moja kama mshindani. Sisemi kususia Montreal kulikuwa kosa. Mimi naamini kulikuwa haki, na Tanzania ilisimama mbele. Nasema aliyelipa ana jina na ana miguu, na hakuna mkutano alioalikwa kutoa maoni yake.

Narudi kwenye ubishi wa leo, na nitasema wazi ninavyoona. Hoja ya usawa wa mashindano si ya kubeza. Katika mbio za kiwango cha juu, tofauti kati ya wanaume na wanawake ni kama asilimia 10 hadi 12, na sehemu kubwa hutokana na balehe ya kiume. Kitengo cha wanawake kipo kwa sababu hiyo, na msichana anayeuliza nani atasimama naye kwenye mstari ana haki ya kujibiwa bila kutukanwa. Lakini Desemba 2024 Charlie Baker, rais wa chama cha michezo ya vyuo cha NCAA, aliiambia kamati ya Seneti kwamba kati ya wanamichezo wapatao 510,000 anawajua waliobadili jinsia wasiofika 10. Kwa ajili ya watu hao majimbo zaidi ya 25 yametunga sheria, Idaho ikitangulia mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ilikubali Julai 2025 kusikiliza kesi za Idaho na West Virginia. Swali lenye uzito kwa mkufunzi, daktari na mchezaji limekuzwa likawa bendera ya kampeni, na bendera haijui kupima homoni za mtu wala kumsikiliza.

Na agizo la Februari 2025 halikubaki ndani ya Marekani. Limempa kazi Waziri wa Mambo ya Nje: aishinikize Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ibadili masharti yake, na kuingia kwa wanamichezo nchini humo nako kumeguswa. Olimpiki ya 2028 ni Los Angeles. Maana yake dirisha la viza katika balozi za miji yetu sasa ni sehemu ya ubishi huu, na binti wa Eldoret, Arusha au Gitega anayekwenda kuomba viza atakuwa ameingia ndani yake bila kupenda.

Nimeitaja Gitega ya Burundi makusudi. Rio 2016, mita 800 za wanawake: Caster Semenya wa Afrika Kusini dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba. Medali ya Niyonsaba ilikuwa ya pili katika historia ya Burundi, baada ya dhahabu ya Vénuste Niyongabo mwaka 1996. Hawa hawakubadili jinsia. Walizaliwa wasichana na wakalelewa wasichana, miili yao ikawa na tofauti za ukuaji ambazo hawakuzichagua. Mwaka 2019 kanuni mpya za riadha ziliwataka wapunguze testosteroni kwa dawa au waachane na mbio za mita 400 hadi maili moja. Semenya akaenda mahakamani Uswisi, na Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uswisi haikumpa usikilizwaji wa haki. Niyonsaba alichagua njia nyingine. Alikwenda kujifunza mbio ndefu akiwa mtu mzima. Alimaliza wa tano katika mita 10,000 za Olimpiki ya Tokyo, na Septemba 2021, mjini Zagreb, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa dakika 5, sekunde 21.56.

Machi 2023 kanuni zikapanuliwa zikafunika mbio zote.