GUNIA AU FIMBO?

(Maneno aliyoyasema mwanachama mwenye duka mbele ya wenzake wa Visiwani wakaao Mbeya)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo halijatufika hapa Mbeya, lakini liliwafika majirani: serikali kutoa askari wa jeshi wasaidie kuwazuilia raia majumbani wakati wa maradhi ya kuambukiza. Mwaka 2020 Tanzania Bara haikuwafungia watu ndani; lakini mwezi wa Mei Zambia iliufunga kwa siku chache mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa ajili ya korona. Maradhi hayaombi ruhusa mpakani. Basi na tuseme leo tungali wazima.

Wala sisemi kwamba jeshi halina kazi. Lina magari, mahema, waganga na watu waliozoea amri. Uganda, mwaka huo huo, askari walishiriki kugawa chakula Kampala na Wakiso. Lakini vikosi vya ulinzi wa mitaa, vilivyo chini ya jeshi hilo hilo, vililalamikiwa mno kwa kuwapiga raia waliokutwa nje saa za marufuku, hata mwezi wa Julai vikaondolewa barabarani vikafundishwe upya. Askari aliyebeba gunia alishukuriwa; aliyeshika fimbo alikimbiwa. Na mgonjwa anayemkimbia askari atajificha na maradhi yake.

Afrika ya Kusini nako, mwezi wa Aprili 2020, mtu mmoja wa Alexandra alikufa. Jamaa zake wakasema alipigwa na askari nyumbani kwake. Walikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria. Tarehe 15 Mei Jaji Hans Fabricius akahukumu kwamba haki ya uhai na heshima ya mtu haiondoki kwa sababu ya maradhi, na akaamuru zitangazwe kanuni za mwenendo wa askari na njia ya raia kupeleka malalamiko. Hukumu njema, lakini ilikuja baada ya maziko.

Waliosoma chuoni wanakijua kisa cha Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh, maamiri wa jeshi walimpa habari ya tauni. Hakuamrisha mikuki. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akarudi yeye na watu wake. Amri ya kujizuia ilianza kumfunga mtawala.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tudai mapema mambo manne. Kwanza, mganga na mtawala wa kiraia ndio waamuru, askari afuate. Pili, amri iwe na siku ya mwisho. Tatu, kanuni zitangazwe kwa Kiswahili kabla askari hajatoka kambini, na kila askari awe na namba ionekanayo. Nne, chakula kitangulie marufuku. Maana mama auzaye ndizi Mwanjelwa, asipouza leo, watoto wake hawali kesho.

Tukiambiwa sisi wapinzani twapenda fujo, tujibu kwamba haya ndiyo yaondoayo fujo. Sheria huandikwa siku ya afya. Siku ya maradhi husomwa tu.

Wabillahi taufiki.