Kabla Giaboksi Haijashushwa



Land Rover kuukuu ya chama ikianza kukwaruza gia, huenda fundi akashauri papo hapo giaboksi ishushwe. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mazao hungoja ghalani. Kabla ya kuidhinisha malipo, yafaa katibu adai jaribio lisilogharimu hata senti. Injini izimwe, gia zote ziingizwe moja moja huku gari likisukumwa kidogo. Zikiingia kwa ulaini, lakini zikakwaruza injini inapowaka na klachi imekanyagwa hadi chini, yaelekea klachi ndiyo haiachii sawasawa. Pengine hewa imeingia katika bomba la mafuta yake.

Umri wa gari nao ujulikane. Zile za miaka ya 1960 hazina, katika gia ya kwanza na ya pili, pete za shaba za kulinganisha mwendo. Dereva asiyekanyaga klachi mara mbili anaposhusha gia ataikwaruza hata giaboksi mpya, na hapo anayehitaji matengenezo ni dereva.

Mashaka yakibaki, oili imwagwe katika karai safi. Unga mwembamba wa shaba ni dalili ya pete kulika. Vipande vya chuma vyatoka katika meno au beringi. Gari hilo lisiendeshwe tena mpaka giaboksi ifunguliwe.