Kungojea Kisu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya jamaa siku ya pili ya mkutano wetu, baada ya chakula cha mchana. Katibu wa Jumuiya ameniomba niyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria, nami nimeyaandika karibu sana na nilivyoyasema.)



Nilipoombwa na Kamati nizungumze, niliambiwa nichague jambo lolote, na wengi wenu bila shaka mlitaraji nisimulie habari za Mombasa ya zamani kama nilivyofanya katika mikutano miwili iliyopita. Leo naomba radhi. Nimechagua kuzungumza juu ya mwili wangu, jambo ambalo mtu wa rika langu na malezi yangu halisemi hadharani. Nafanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba habari zangu zimekuwa zikinirejea kutoka Maskati, Toronto na Dubai, kila moja na rangi yake: kwamba nina saratani, kwamba nimekwisha kupasuliwa nikaficha, kwamba nitakatwa mguu. Ya pili ni kwamba mmoja wa vijana wetu, ambaye sitamtaja, alinipigia simu usiku mmoja akaniambia kuwa naye yumo katika orodha kama yangu, wala hajamwambia mtu, hata mkewe. Tulizungumza hadi karibu na alfajiri. Nilipoiweka simu niliona kwamba haya zangu mimi zimemgharimu kijana yule miezi mingi ya upweke.

Basi ukweli ni huu. Ninangojea kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Daktari wangu wa mtaa aliandika barua ya kwanza mwezi wa Oktoba 2022. Siku hiyo nilikuwa na kilo 124, na urefu wangu ni mita 1.68. Madaktari huchukua kilo wakazigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, na kwangu jawabu lilikuwa karibu 44. Hapa Uingereza mtu hufikiriwa kwa upasuaji huu akifika 40, au akiwa 35 na ana maradhi yanayofungamana na unene, kama vile kisukari au presha. Na tangu mwaka 2023 mwongozo wa wataalamu unaeleza kwamba watu wenye asili ya Afrika, ya Bara Hindi na ya Mashariki ya Kati waangaliwe kwa kiwango kilichopunguzwa kwa 2.5, kwa kuwa miili yetu hudhurika mapema zaidi. Nalitaja hili kwa makusudi. Wamo humu waliowahi kurudishwa kwa kipimo cha zamani, nao wanaweza kwenda kuuliza tena.

Mimi nina kisukari tangu 2014, nina presha, na usiku pumzi hunikatika usingizini, kwa hiyo hulala na mashine inayosukuma hewa puani. Mke wangu ameizoea sauti yake. Wajukuu wanasema babu ni rubani.

Watu hudhani kwamba kungojea huku ni kuketi tu mpaka kuitwa. Sivyo. Kabla ya kumwona daktari mpasuaji nilipitishwa mikononi mwa kundi zima la wataalamu: wa lishe, wa mambo ya nafsi, wauguzi, na daktari wa kisukari. Huko nilikaa zaidi ya mwaka, nikiandika kila nilichokula na nikiulizwa maswali ambayo hata marehemu mama hakuwahi kuniuliza. Mwezi wa Februari 2024 ndipo jina langu lilipoingia katika orodha ya upasuaji wenyewe. Mbele yangu walikuwapo hata watu ambao safari yao ilikatizwa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko, pale hospitali ziliposimamisha upasuaji wote usio wa dharura. Ahadi rasmi nchini England ni wiki 18 tangu barua ya daktari hadi kutibiwa. Mwezi wa Septemba 2023 orodha ya matibabu ya kila namna ilipita milioni 7.7. Nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote, na naijua tofauti iliyopo kati ya ahadi na faili.

Hapa yanipasa kusema jambo la kazi yangu. Nilifika nchi hii 1992, nikiwa na miaka 31, nimeacha afisi ya serikali Mombasa. Baada ya miaka mitatu ya kuosha vyombo na kupanga bidhaa madukani, nilipata kazi katika halmashauri ya mji, idara ya nyumba, nikadumu humo miaka 26 hadi nikastaafu. Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa kutunza orodha ya watu wanaongojea nyumba. Walikuja dirishani pangu wenye watoto wachanga, wenye kuta zinazotoka maji, nami niliwajibu kwa adabu, "Jina lako limo katika orodha, utaarifiwa." Nikiamini, Wallahi, kwamba nimewajibu. Sasa maneno yayo hayo naambiwa mimi kwa simu na binti mwenye sauti ya upole kama niliyokuwa nikiitumia, na nimejua kwamba yule aliye upande wa pili hubaki na siku yake nzima mikononi asijue aiweke wapi.

Alikuwako mama mmoja aliyekuwa akija kila Jumatatu. Sisi makarani tulimwona msumbufu. Lakini faili lake lilikuwa na barua zote, anwani yake ilikuwa sahihi siku zote, na kila hali ya mtoto wake ilipobadilika alileta cheti cha daktari. Nyumba ilipopatikana kwa ghafula, wengine hawakupatikana kwa simu, yeye akapatikana. Mimi nami nimekuwa mama wa Jumatatu. Sipigi kila wiki, ila kila baada ya wiki sita huuliza kwa upole jina langu liko wapi, huhakikisha namba yangu ya simu na anwani, na afya ikibadilika humwambia daktari wangu aandike upya. Nimeomba pia niwekwe miongoni mwa wale wanaoweza kuitwa kwa taarifa ya siku mbili tatu mtu mwingine akishindwa kufika. Vijana, hifadhini barua zenu. Simu husahaulika, barua hubaki.

Sasa nieleze usiku ninaouonea haya. Mwezi wa Mei 2025 nilipewa tarehe. Kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo mgonjwa hupewa chakula kidogo sana, kisicho na wanga mwingi wala mafuta, na sababu yake ni ini. Ini la mtu mnene huwa kubwa na lenye mafuta, nalo limelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari mpasuaji hana budi kuliinua ili afike anapotaka, na likiwa kubwa kazi huwa ya hatari. Chakula kile hulinywesha. Nikashika maziwa, mtindi na supu, na dawa zangu za kisukari zikapunguzwa na wauguzi, maana ukila kidogo ukameza dawa zile zile sukari huweza kushuka ukazimia. Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, simu ikalia: kitanda cha uangalizi hakuna, tarehe imeahirishwa.

Nilishukuru kwa adabu nikakata simu. Usiku nikaenda jikoni nikala mahamri saba na mbaazi za nazi zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya wageni, nimesimama, taa sijaiwasha. Mke wangu alisikia. Hakuja, wala hakuniuliza. Asubuhi nilikuta sufuria imekwisha kuoshwa na yai moja la kuchemsha limewekwa mezani mahali pangu. Kwa wiki tatu nilizofuata sikupanda mizani. Kilichonirudisha ni kumpigia muuguzi na kumsimulia yote, hata idadi ya mahamri. Hakushangaa. Aliniambia kwamba wengi wanaoahirishwa hupita hapo, akanipa miadi ya mtaalamu wa nafsi ambaye mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimemdharau mwanzoni.

Tangu hapo nimeacha kuuhesabu muda huu kuwa ni wa bure. Baada ya upasuaji nitatakiwa kula kidogo kidogo, kutafuna hadi chakula kiwe uji mdomoni, na kutokunywa maji pamoja na chakula. Basi nimeanza sasa. Natumia sahani ya kikombe na kijiko cha chai, na chai yenyewe naingoja nusu saa baada ya kula, jambo ambalo kwa mtu wa Pwani ni adhabu. Kila asubuhi hutembea hadi mfereji wa maji ulio nyuma ya mtaa na kurudi. Leo nina kilo 117. Tarehe ya pili, mwezi wa Novemba, niliiharibu mwenyewe kwa homa na kikohozi, na safari hiyo hapakuwa na mahamri.

Mwana wa dada yangu aliye Dubai aliniambia, "Mjomba, nitakulipia Uturuki, wiki moja umemaliza." Nilikaa na maneno yake siku tatu, na nusura nikubali. Nilimkatalia kwa sababu kisu chenyewe ni saa chache tu. Upasuaji niliopangiwa hutenga mfuko mdogo juu ya tumbo na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Ulianzishwa Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960 na Dakta Edward Mason, na siku hizi hufanywa kwa matundu madogo. Lakini baadaye mtu humeza vitamini na madini maisha yake yote, hupimwa damu, na huangaliwa na kundi lile lile kwa miaka miwili angalau. Mwezi wa nne, nikitapika kila nilacho, nitampigia nani Istanbul? Mwanangu, fedha zako nimezirudisha na dua zangu zote ziko nawe.

Wapo wanaouliza habari ya sindano za kila wiki. Mimi hazikunikaa tumboni nikaziacha, mwingine zinamfaa. Ninalowaomba ni kwamba mwenye kuzitumia, hata kama alizinunua mwenyewe, amwambie daktari wa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji wowote, kwa kuwa hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na hilo ni hatari kwa mtu aliyelazwa.

Nalo la mwisho ni letu sisi, ndugu zangu. Kwetu mtu akinenepa husifiwa kwamba amenawiri, akikonda huulizwa ana nini. Leo mchana nimepakuliwa biriani mara tatu na shangazi watatu, kila mmoja akiapa kwamba nisipokula nimemvunjia heshima. Najua ni mapenzi. Lakini siku itakapofika, kijiko cha nne kitanitapisha mbele yenu. Basi nawaomba, kuanzia mkutano huu, mtu akisema "basi", sahani iondolewe bila kiapo. Na yule aliyesema kwamba hii ni njia ya wavivu, karibu nyumbani kwangu siku kumi na mbili za mtindi na supu.

Mtaniwia radhi kwa jambo moja zaidi. Mwenyekiti aliagiza simu zote zizimwe, na yangu iko wazi mfukoni tangu asubuhi. Hospitali hupiga kwa namba isiyoonekana, na usipopokea humwita anayefuata. Ikilia nitatoka nje.