MSALABA NDANI YA KIAZI: Tunachokiona na Tunachoweza Kukishuhudia

(Mada iliyowasilishwa mbele ya wazazi na wanafunzi wa madrasa baada ya swala ya Alasiri)

Shukrani zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na swahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja wa madrasa yetu ambaye pia yuko kidato cha tatu. Alikuwa na swali lililomkosesha raha. Akaniambia: "Ustadh, katika maabara ya shule tumetazama wanga wa kiazi kwa hadubini, na ndani ya kila chembe nimeona msalaba. Wenzangu wananiuliza nasemaje. Na wewe, Ustadh, mwaka jana ulituonesha picha ya nyanya iliyokatwa, ukatuambia kwamba mishipa yake imeandika jina la Mwenyezi Mungu. Ikiwa nyanya ni hoja, kwa nini kiazi kisiwe hoja?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba muhula, kisha nikamwomba mwalimu wake wa biolojia aniruhusu nitazame kwa macho yangu. Ninayowaeleza leo ni yale niliyoyaona, na niliyoyasoma baada ya kuona.

Chombo chenyewe

Mwanga wa jua au wa taa hutikisika katika pande zote zinazokingama na njia yake. Vipo vichujio ambavyo huruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu kupita. Ndivyo vinavyotiwa katika baadhi ya miwani ya jua ili kupunguza mng'aro. Mwanga uliopita katika kichujio cha namna hiyo huitwa mwanga uliopolaraizwa. Ukikiweka kichujio cha pili mbele ya cha kwanza, ukakizungusha mpaka kimoja kiwe mlalo na kingine wima, mwanga hukatika, kukawa giza.

Katika hadubini hii, kichujio kimoja huwekwa chini ya kitu kinachotazamwa na kingine juu yake, navyo vimekingamana. Maji hubaki giza. Ute wa seli nao, kwa sehemu kubwa, hubaki giza. Lakini kitu ambacho molekuli zake zimepangwa safu safu huugawa mwanga katika sehemu mbili zenye kasi tofauti. Sehemu hizo zinapoungana tena, mtikisiko wake huwa umegeuka, na baadhi yake hupenya kichujio cha juu. Hapo kitu hicho hung'aa katikati ya weusi. Chombo hiki, basi, hutujulisha mpangilio ambao ni mdogo mno kuonekana kwa lenzi peke yake.

Ugavi huo wa mwanga uliandikwa na Rasmus Bartholin wa Denmark mwaka 1669, alipotazama jiwe angavu la kalsaiti kutoka Iceland na kuona kila kitu kilichokuwa nyuma yake kikiwa viwili. Katika karne ya 19, Carl Nägeli, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alitumia mwanga uliopolaraizwa kuchunguza wanga na kuta za seli, akahitimisha kwamba vimejengwa kwa vipande vidogo vyenye mpangilio kama wa fuwele. Katika miaka ya 1920, uchunguzi kwa mionzi ya eksirei ulithibitisha kwamba selulosi, ambayo ndiyo nguzo ya ukuta wa seli ya mmea, kweli ina mpangilio huo.

Tuliyoyaona

Tulianza na uzi wa mkonge. Uling'aa. Tulipouzungusha taratibu, ulizimika, ukawaka, ukazimika tena. Mara nne katika mzunguko mmoja mzima. Huzimika kila unapolala sambamba na mojawapo ya vichujio, na huwaka zaidi unapokuwa mshazari katikati yake. Sababu ni kwamba selulosi ndani ya uzi imepangwa kuuelekea urefu wake, na mpangilio huo ndio unaoupa mkonge nguvu ya kuwa kamba.

Tukatazama gimbi bichi. Nanyi mnajua jinsi gimbi lisiloiva linavyowasha midomo na koo. Ndani ya seli zake tuliona mafungu ya sindano nyembamba ziking'aa: ni fuwele za kalsiamu oksaleti, na hizo ni miongoni mwa visababishi vya muwasho huo.

Kisha tukaja kwenye kiazi. Kila chembe ya wanga iling'aa, na juu yake ulikuwapo msalaba mweusi, kama alivyosema kijana wetu. Mwalimu wake akatuambia: "Izungusheni chembe." Tukaizungusha. Chembe ikageuka, lakini msalaba ukabaki palepale. Akasema: "Sasa zungusheni vichujio vyote viwili kwa pamoja." Msalaba ukavifuata vichujio.

Ndugu zangu, jibu ndilo hilo. Molekuli za wanga zimepangwa kutoka kitovu cha chembe kwenda nje pande zote, mithili ya njiti za gurudumu la baiskeli. Zile zilizolala sambamba na kichujio kimoja au kingine hazigeuzi mwanga, kwa hiyo hubaki nyeusi. Kwa kuwa vichujio vimekingamana, weusi huo nao hukingamana. Mpangilio wa njiti ni wa kiazi. Umbo la msalaba limetokana na namna tulivyoviweka vichujio.

Mwisho tukauchemsha wanga ule ndani ya maji, kama mtu apikaye uji, tukautazama tena. Msalaba umetoweka, na mng'aro umetoweka pia, kwa sababu moto na maji vimeuvunja ule mpangilio.

Funzo kwetu

Wenye elimu hii wenyewe walikuwa na shaka ya namna hiyohiyo. Kwa muda mrefu walibishana kama nyuzi zinazoonekana ndani ya seli inapogawanyika ni za kweli, au zimezuka kutokana na dawa za kuulia na kutia rangi seli. Mwaka 1953 Shinya Inoué, mtaalamu wa Kijapani, alizionesha kwa mwanga uliopolaraizwa ndani ya seli hai, zikiwamo seli za yungiyungi zinazozaa chavua, bila kuziua wala kuzitia rangi. Shaka ikaondoka kwa jaribio.

Na sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunamjua Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karne ya 11. Hakuijua elimu ya mwanga uliopolaraizwa, wala tusimzulie. Lakini katika Kitab al-Manazir aliweka maqala nzima juu ya makosa ya macho, akifafanua ni lini jicho humdanganya mwenye kutazama.

Basi mbele yenu na mbele ya wanafunzi wangu, ninaiondoa ile hoja ya nyanya. Sikuuliza ni nyanya ngapi zilikatwa zisiandike kitu, wala nani aliipiga picha ile, wala aliigeuza upande gani. Nilifurahi kuiona, nikaitolea ushahidi. Ushahidi ni amana, na imani ya mtoto iliyojengwa juu ya nyanya ilitikiswa na kiazi; kosa hilo ni langu, si la kiazi.

Mpangilio ndani ya mkonge, gimbi na wanga unatosha kuustaajabia, nao atauona kila atazamaye, awe wa dini yoyote, na atauona tena kesho. Mkiletewa picha ya ajabu, ulizeni kwanza: ukikizungusha kitu hiki, alama inageuka nacho?

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na atusamehe tuliyoyasema bila ya kuyajua. Wallahu a'lam.