Ubongo Unautangulia Mpira
Mhadhara wa umma, Gahanga, Wilaya ya Kicukiro



Mwezi Mei 2016, Eric Dusingizimana, nahodha wa timu ya taifa ya kriketi ya Rwanda wakati huo, aliingia kwenye wavu wa mazoezi pale Petit Stade, Remera, akashika gongo na kupiga mipira kwa saa 51. Kila saa aliruhusiwa dakika tano tu za kupumzika. Alikuwa anachangisha fedha za kujenga uwanja huu wa hapa Gahanga, na aliivunja rekodi ya dunia ya mchezaji wa India aliyekuwa amefikisha saa 50 na dakika chache. Uwanja ukafunguliwa Oktoba 2017. Zikitajwa saa zile, watu husifu mikono na miguu ya Eric, na wanastahili kusifu. Kazi yangu mimi ni ubongo, na jioni hii nataka tuzungumze juu ya kilichokuwa kikifanyika ndani ya fuvu lake, kwa kuwa ndicho kinachofanyika ndani ya fuvu la kila mmoja aliyekaa hapa.

Tuanze na fuvu lenyewe. Makuba ya jengo la uwanja huu yamejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji na kushindiliwa. Kuba kubwa lina upana wa mita 16, wala halina nguzo katikati, kwa sababu uzito unateremka kwa kuufuata mpindo hadi ardhini. Fuvu nalo ni kuba la namna hiyo. Mifupa 8 imeshonana kuuzunguka ubongo, na pigo linaloangukia utosini husambaa badala ya kukaa mahali pamoja. Lakini kuba hili lina upande dhaifu, nao ni panja. Hapo mfupa ni mwembamba, na nyuma yake tu unapita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika mshipa huweza kuchanika, na mtu aliyeinuka akasema hajambo akaanguka saa chache baadaye. Naomba panja mlikumbuke, nitalirudia.

Ndani ya mifupa kuna tando tatu, na kati ya tando mbili za ndani kuna maji maangavu, kama mililita 150 kwa mtu mzima, ambayo mwili huyatengeneza upya mara kadhaa kwa siku. Ubongo unaelea humo. Ukiupima kwenye mizani unapata kilo 1.3 au 1.4, lakini ukiwa ndani ya maji yale uzito wake haufiki hata gramu 100. Ni laini mno. Mwanafunzi anayeushika kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu ule wa maabara umeshagandishwa kwa dawa, ilhali ule ulio hai hauwezi hata kusimama wenyewe mezani bila kubonyea.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una seli za neva bilioni 100. Mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, alitaka kujua nani alizihesabu, akakuta hakuna. Yeye na wenzake wakabuni njia ya kuyeyusha tishu ya ubongo mpaka ikawa uji wa viini vya seli, wakavihesabu, na mwaka 2009 wakatangaza wastani wa bilioni 86. Kilichonivutia zaidi ni mgawanyo wake. Bilioni 69 hivi ziko kwenye ubongo mdogo, kile kifundo cha ukubwa wa ngumi ya mtoto kilichojificha chini ya kisogo. Ubongo mkubwa, tunaoupa sifa zote za akili, una takribani bilioni 16 kwenye gamba lake.

Kwa nini kifundo kile kipewe watumishi wengi kiasi hicho? Twendeni uwanjani.

Kutoka mkononi mwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni kama mita 18. Mpira wa wanawake, wenye uzito wa gramu 140 hadi 151, ukirushwa kwa kilomita 110 kwa saa, hufika kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo, mwanga unaingia jichoni, habari zinasafiri kwa neva hadi kisogoni ambako ubongo unasoma picha, zinapelekwa mbele kutambua mwendo na mahali, amri inatoka kwenye ukanda wa gamba ulio juu ya masikio, inashuka kupitia shina la ubongo na uti wa mgongo, na msuli unajikunja. Safari nzima, hata kwa kitendo chepesi kuliko vyote, huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na kulizungusha gongo nako kunataka muda wake. Hesabu haikubali. Mpigaji anayesubiri auone mpira ulipo ndipo apige, atapiga hewa.

Mwaka 2000 Michael Land na Peter McLeod walichapisha utafiti ambao wachezaji wetu wote wangepaswa kuujua. Waliwavalisha wapigaji kifaa cha kufuatilia macho. Wakaona kwamba macho hayaufuati mpira njia nzima. Huutazama unapotoka mkononi, kisha huuacha na kurukia mahali utakapodundia, na kuungoja pale. Mpigaji hodari hurukia mapema kuliko mchanga. Maana yake, ubongo umeshakata shauri mpira utafika wapi kabla haujafika, na mwili unapiga utabiri huo. Ubongo mdogo ndio fundi mkuu hapa: hulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea, hupima tofauti, hurekebisha, mara elfu na elfu, mpaka mkono unajua. Januari 2023, mrushaji wa Rwanda, Henriette Ishimwe, alipowatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19, tuliona matunda ya marekebisho ya namna hiyo yaliyorudiwa mazoezini kwa miaka.

Sasa mrudieni Eric katika saa ya arobaini. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia asilimia 20 hivi ya nishati yake. Kadiri seli zinavyofanya kazi, dutu iitwayo adenosini hulimbikana na kuzitaka zipunguze mwendo. Huo ndio uzito wa usingizi mnaousikia. Kahawa yetu haiondoi adenosini, inaziba tu mahali inapobisha hodi, na deni linabaki palepale. Mtu aliyekesha usiku mbili hupatwa na vijilepe vya sekunde chache huku macho yako wazi. Eric aliweza kuendelea kwa sababu kupiga kulikuwa kumeshazama ndani ya ubongo wake kiasi kwamba hakukuhitaji mawazo mengi. Dereva wa usiku kwenye barabara ya Nyamata hana bahati hiyo. Barabara haimrushii kitu kilekile kila mara.

Nilisema nitarudi kwenye panja, lakini si hapo tu palipo dhaifu. Novemba 2014, mpigaji wa Australia, Phil Hughes, aligongwa na mpira shingoni, chini ya ukingo wa helmeti yake, mjini Sydney. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ukachanika, akafariki siku mbili baadaye. Tangu Agosti 2019, Baraza la Kimataifa la Kriketi linaruhusu mchezaji aliyetikisika ubongo abadilishwe na mwenzake. Ubongo unaweza kutikisika bila mfupa kuvunjika na bila mtu kuzimia: tishu yake laini inavutwa na kujipinda ndani ya maji yake, na nyuzi za neva zinaumia. Makocha wa watoto, nawasihi. Mtoto akigongwa kichwani kisha akachanganyikiwa, akatapika au akalalamikia mwanga, mtoeni, asirudi siku hiyo hata akilia. Nanyi abiria wa pikipiki, kofia isiyofungwa kamba kidevuni hutangulia kuanguka kabla yenu.

Siwezi kuzungumzia ubongo Kicukiro nikaishia kwenye mpira. Kabla ya uwanja huu, kriketi ilichezwa pale kwenye shule ya ufundi ya ETO, mahali ambapo Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa, wakaachwa, na wengi wakauawa katika kilima cha Nyanza. Kila Aprili, wakati wa maombolezo, tunawaona watu wakishikwa na ihahamuka, yaani kiwewe kinachorudi ghafla. Naomba msiiite hali hiyo udhaifu, wala kukosa imani.

Ni ubongo uleule unaotabiri. Ndani kabisa, nyuma ya panja kila upande, kuna kifundo kinachoitwa amigdala. Kazi yake ni kukumbuka dalili za hatari na kuuamsha mwili kabla ya mtu kufikiri. Jirani yake ni hipokampasi, inayoweka kumbukumbu katika mahali na wakati wake. Kwenye kitisho kikubwa mno, ya kwanza huandika kwa nguvu na ya pili huandika kwa vipande. Kwa hiyo filimbi iliyosikika mwaka 1994 ikisikika leo, amigdala hutabiri kinachofuata kama ilivyojifunza, na hakuna kinachoiambia kwamba hiyo ilikuwa zamani. Moyo unapiga, miguu inakimbia.

Woga ulioandikwa hivyo haufutiki kirahisi. Kinachowezekana ni kujifunza upya juu yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hutuma nyuzi za kuituliza amigdala, na nyuzi hizo hupata nguvu mtu anapokutana na dalili ileile mara nyingi akiwa salama, polepole, pamoja na mtu anayemwamini na anayejua kazi hiyo. Kazi hiyo haiishi na wiki ya maombolezo ya Aprili. Nawaomba viongozi mlioko hapa mtuwekee washauri wa afya ya akili hata Julai na hata Novemba, kwa sababu ubongo uliojifunza hatari kwa siku mia moja unahitaji miaka ya kujifunza usalama, na muda huo unapatikana tukiupanga kwenye bajeti.