Shamba Darasa, Gunia na Paa: Kujifunza Kilimo kwa Mikono Katika Nchi ya Chai

Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima, walimu na wanafunzi wa Kericho na Bomet



Anayesafiri kutoka mjini Kericho hadi Litein, kisha akaingia Mogogosiek upande wa Bomet, huona chai pande zote mbili za barabara mpaka macho yachoke. Wageni husimama kupiga picha. Mwenyeji huona jambo jingine: katika maboma mengi chai imefika ukutani mwa jikoni, na mama wa boma hilo hununua sukuma wiki sokoni. Shamba la babu limegawiwa wana, wana wamewagawia wajukuu, na kila aliyepokea kipande chake amepanda chai, kwa sababu chai ndiyo huleta bonasi. Bonasi huja mara moja kwa mwaka. Mboga inatakiwa leo jioni.

Kutokana na hali hiyo kuna swali ambalo vikundi vingi vimekuwa vikiliuliza. Mahali ambapo ardhi imejaa, watu watajifunzia wapi kilimo kingine, na watakutania wapi ili wajifunze? Jibu la kwanza limo humu humu ndani ya chai. Linaitwa shamba darasa.

Shamba darasa halikuanzia Kenya. Lilianza Indonesia mwaka 1989, katika mashamba ya mpunga, kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Wakulima wa huko walikuwa wamenyunyiza dawa kwa miaka mingi dhidi ya mdudu anayefyonza mpunga, na kadiri walivyonyunyiza ndivyo mdudu alivyozidi, kwa kuwa dawa iliua pia buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali yao ilipiga marufuku aina 57 za dawa zilizotumiwa kwenye mpunga. Lakini marufuku haimfundishi mkulima kumtambua buibui aliye rafiki yake. Ilibidi watu waingie matopeni wenyewe, wakamate wadudu, wawatie chupani na kutazama nani anamla nani. Mafunzo ya namna hiyo yalifika magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2006 KTDA ikaanza kuyajaribu kwa wakulima wadogo wa chai.

Siku ya shamba darasa huenda hivi. Watu 25 hadi 30 wa eneo moja, wengi wao wakipeleka majani kituo kimoja, hukutana asubuhi katika shamba la mwenzao. Baada ya maombi na kuitana majina, hugawanyika katika vikundi vya watu watano watano. Kila kikundi huingia kwenye sehemu yake ya chai na kuanza kuhesabu na kupima. Machipukizi yaliyofikia majani mawili na kichwa ni mangapi? Meza ya kuchumia imenyooka au imepanda upande mmoja? Chini ya jani kuna utitiri? Udongo umelowa au umepasuka? Kisha hurudi kivulini, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, na mmoja wao husimama kueleza. Mara nyingi anayesimama ni mtu ambaye hajawahi kusema neno barazani. Wenzake humhoji bila huruma, kwa sababu shamba hilo wanalijua. Afisa hukaa nyuma. Kazi yake hapo ni kuuliza maswali, si kuhubiri, na kusema kweli wapo maafisa ambao jambo hilo huwawia gumu.

Jaribio linalozua ubishi mkubwa kuliko yote ni la mzunguko wa kuchuma. Mistari michache huchumwa kila baada ya siku 7, mingine baada ya siku 10, mingine baada ya siku 14, na kila mara mzani huletwa na kilo huandikwa kwenye daftari la kikundi. Siku ya kwanza wa siku 14 huonekana ndiye mshindi, maana kikapu chake ni kizito. Halafu majani humwagwa juu ya turubai na kuchambuliwa mbele ya watu wote. Rundo la majani magumu, yale ambayo kituoni hukataliwa na kurudishwa, hutengwa peke yake. Kilo zikijumlishwa baada ya miezi kadhaa, yaliyokataliwa yakiondolewa, hesabu huanza kusema mambo mengine. Afisa angeweza kusema maneno hayo hayo barazani kwa dakika mbili, na yangesahaulika kabla ya watu kufika nyumbani. Hapa mtu amelishika jani gumu mkononi, akalikunja, likavunjika.

Somo la kupogoa ni chungu zaidi. Chai inatakiwa kukatwa kila baada ya miaka 3 au 4, na shina lililokatwa halileti pesa mpaka lichipue tena. Mwenye karo ya kulipa huahirisha mwaka huu, huahirisha mwaka ujao, na mwishowe meza inakuwa juu kuliko kifua cha mchumaji na chipukizi zinakuwa chache. Kikundi hukata sehemu ndogo tu ya shamba la mazoezi, na wanachama huipita kila wanapokwenda kituoni. Huona vijiti vikavu, kisha macho ya kijani, kisha machipukizi mengi kuliko yale ya upande usiokatwa. Hofu hupungua kidogo kidogo. Haiishi.

Kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye mtaala. Nambari ya mkulima mara nyingi imeandikishwa kwa jina la baba, ilhali vidole vinavyochuma ni vya mama na vya vijana. Mkutano ukiitishwa, baba ndiye anayekwenda, na anachosikia huko si lazima kifike shambani. Shamba darasa humtaka yule anayeshika kazi. Wazee wa Kipsigis hawakuhitaji kufundishwa hilo na mtu. Kokwet ilikuwa ni majirani kuketi pamoja na kuamua, na morik ilikuwa ni majirani kulima shamba la mmoja wao kwa zamu, kisha kula na kunywa. Shamba darasa limeunganisha mambo hayo mawili na kuongeza mzani na daftari.

Sasa mboga. Wengi waliojaribu kung'oa mistari miwili ya chai karibu na nyumba na kupanda kabichi wamevunjika moyo. Kabichi ilidumaa, na ilipong'olewa mizizi yake ilikuwa imevimba mafundo. Sababu iko kwenye udongo. Chai hupenda udongo mchachu, wenye pH ya kati ya 4.5 na 5.6 hivi, na mbolea inayowekwa mwaka baada ya mwaka huzidi kuuchachusha. Kabichi na sukuma hutaka pH ya 6 au zaidi kidogo, na ule ugonjwa wa mafundo kwenye mizizi hupenda udongo mchachu kama huo. Kwa hiyo mkulima wa chai hukosa nafasi, na hata nafasi aliyo nayo inahitaji chokaa na subira kabla ya kulisha jikoni.

Hapo ndipo gunia linapoingia. Huko Kibera, Nairobi, ambako hakuna hata upana wa jembe wa ardhi tupu, familia nyingi zilianza kulima kwenye magunia baada ya ghasia za 2008, wakati chakula kilipopanda bei. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati hupangwa nguzo ya mawe madogo ya kupitisha maji, na miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja hubeba zaidi ya miche 20 ya sukuma. Kwa mkulima wa Kericho faida ni mbili: halichukui nafasi ya chai, na udongo wake anauchanganya mwenyewe. Saga na managu hukubali humo pia, na mvua ya mawe ikitishia, gunia lililo kando ya ukuta hufunikwa kwa wavu kwa dakika moja.

Vyuo vya nchi nyingine vimepeleka wazo hilo juu zaidi. Mjini Toronto, Kanada, chuo kikuu ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan kina shamba la mboga la robo ekari juu ya paa la jengo la uhandisi. Wanafunzi ndio waliolisukuma wazo hilo, na mavuno huuzwa na kugawiwa hapo hapo chuoni. Nchini Thailand, Chuo Kikuu cha Thammasat kilifungua mwaka 2019 paa la shamba lenye mita za mraba 22,000, limepangwa ngazi kwa ngazi kama matuta ya mpunga ya milimani, ili maji ya mvua yashuke taratibu yakinywesha mimea mpaka yafike kwenye mabwawa yaliyo chini. Mtu wa Kericho, aliyezoea kuona miteremko na mvua, atalielewa jengo hilo bila kuelezwa.

Je, linawezekana hapa? Kwa kadiri, na kwa tahadhari. Paa la mabati halibebi udongo. Paa la zege huenda likabeba, lakini mhandisi aulizwe kwanza: mita 1 ya mraba ya udongo uliolowa, wenye kina cha sentimita 15, ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na katika nchi ya mvua nyingi udongo hulowa karibu kila siku. Mabati yana kazi yake nyingine. Paa la mita za mraba 100 linapopokea milimita 10 za mvua, hutiririsha karibu lita 1,000, na kwenye shule nyingi maji hayo huishia mtaroni huku wanafunzi wakibeba ndoo kutoka mtoni.

Chuo cha kutazamwa kwanza kiko karibu. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, lakini kabla ya kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, mahali hapo palikuwa na kituo cha mafunzo ya wakulima. Watu walikwenda Kabianga kujifunza kwa jembe kabla ya kwenda kutafuta digrii. Hata kona ndogo ya chuo, ya magunia na matangi, ambapo wanafunzi na vikundi vya jirani wanapima mazao pamoja siku moja kwa wiki, ingerudisha jambo ambalo pale si geni.

Shuleni kuna kikwazo ambacho hakitokani na uhaba wa ardhi. Vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa nchini mwaka 2021, na mtaala mpya unamtaka mtoto alime, si akariri tu. Lakini watu wazima wengi hapa wanakumbuka shamba la shule kama mahali pa kutumikia adhabu. Aliyechelewa alilima. Aliyezungumza darasani alilima. Mtoto aliyeshikishwa jembe kwa kosa hujifunza kwamba jembe ni la wakosaji, na akikua huuza robo ekari yake anunue pikipiki. Mwalimu anayetaka bustani ya 4K ipendwe aanze kwa kuiondoa kabisa kwenye orodha ya adhabu, na mavuno yaende kwenye sahani za waliolima.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, kilimo ni kazi ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na mlango wa kwanza ni afisa wa kilimo wa wadi. Afisa mmoja hawezi kufika kila boma, ila kundi la watu 25 lenye siku yake maalum huweza kumpata. Sehemu ya mazoezi iwe kando ya njia inayopitwa na watu wengi, iwe na pande mbili za kulinganisha, na daftari likae kwa mtu asiyelipoteza. Udongo upimwe na miche isiwe imechelewa kusiwa kabla ya mvua nzito za Aprili na Mei. Majivu ya jikoni, yale yanayomwagwa kila asubuhi, husaidia kupunguza uchachu wa udongo yakichanganywa kwa kiasi, kwa hiyo yaanze kuwekwa akiba mahali pakavu kuanzia wiki hii.